Uliza Kiingereza: "Bite the bullet" ni kuuma risasi gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila ndo mara yangu ya kwanza kuandika. Nina miezi minne tu kwenye hii kazi na bosi wetu anaongea Kiingereza peke yake, imeili zote Kiingereza, vikao Kiingereza. Juzi katuma imeili kwa timu nzima kaandika hivi: "I think it's time we bit the bullet and let the old system go." Mi nilipofika hapo kwenye bullet nikaganda. Nikafungua kamusi, bite ni kuuma, bullet ni risasi, sasa tunauma risasi ya nini jamani? Mwenzangu mmoja akaniambia maana yake ni "vumilieni", mwingine akasema hilo ni onyo, kuna watu wanapunguzwa kazi. Nikaona bora nishike la kwanza, nikajibu "Thank you, we will be patient." Bosi akarudi kwangu kuuliza, patient ya nini tena wakati mimi nataka tuanze leo? Niliona aibu sana. Naomba unifafanulie huu msemo maana sitaki kurudia kosa.

JIBU: Marahaba, na pole kwa hiyo aibu, ila usijilaumu, maana hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa na mimi nimesubiri muda mrefu mtu aniulize hili swali vizuri kama ulivyouliza wewe.

Kwanza tulia, hakuna anayepunguzwa kazi kwenye hiyo sentensi. Bosi wako alikuwa anasema hivi: huu mfumo wa zamani tumeung'ang'ania kwa sababu kuuacha kuna maumivu yake, kuna kuhamisha kumbukumbu zote, kuna kujifunza upya, kuna wiki nzima ya kazi kwenda kombo, na kwa kuogopa hayo tumekuwa tunaahirisha tu, basi sasa tupige moyo konde tuachane nao. Umeiona? Piga moyo konde. Ukiniomba tafsiri moja tu ya "bite the bullet" nitakupa hiyo na sitahangaika kutafuta nyingine, kwa sababu ndani yake mna maumivu, mna uamuzi, na mtu anajikaza mwenyewe bila kungoja kusukumwa. Kingine kinachonifurahisha ni kwamba konde ni ngumi. Kiswahili kinaupiga moyo ngumi, Kiingereza kinakaza meno kwenye kipande cha chuma, na zote mbili zinaongelea mtu yule yule aliyesimama mbele ya jambo asilolitaka halafu akasema haya, liwalo na liwe.

Sasa tofauti yake na "vumilia" ni hii, na naomba uishike vizuri kwa sababu ndo kosa lenyewe. Kuvumilia ni kukaa. Unakaa na shida mpaka iishe au mpaka uizoee, huna cha kufanya zaidi. "Bite the bullet" ni kuondoka pale ulipokuwa umekaa. Karibu kila mara unapousikia huu msemo, ujue nyuma yake kuna kipindi mtu alikuwa anakwepa, anasema kesho, anasema ngoja mwezi ugeuke, na sasa kukwepa kumeisha. Ndo maana "we will be patient" ilimshangaza bosi wako, yeye kasema tumalize kungoja na wewe ukamwahidi kungoja. Ile methali yetu ya ngoja ngoja huumiza matumbo inakaa jirani kabisa na huu msemo, kwa sababu inamwambia mtu kwamba maumivu ya kungoja nayo ni maumivu, tena hayaishi.

Nikupe mfano wangu mwenyewe maana huu msemo sikuuelewa kwenye kitabu. Kuna kipindi mimi na dada yangu mkubwa tulikaa karibu miaka miwili hatuongei, kosa lilikuwa langu na nilijua ni langu. Nilikuwa naandika meseji nafuta, naandika nafuta, nikisema nitampigia Jumapili, Jumapili ikifika nasema labda kapumzika. Siku moja tuko kazini nimeshika simu, jina lake liko kwenye kioo, kidole gumba kiko juu ya ile alama ya kijani hakishuki, betri inaonyesha asilimia tisa na nakumbuka niliwaza kabisa kwamba ikizima itakuwa nimepata sababu. Mwenzangu aliyekuwa amekaa pembeni, yeye lugha yake ni Kiingereza tangu utotoni, akaniangalia akasema taratibu tu, "Just bite the bullet." Nikapiga. Simu ililia mara mbili akapokea, akaniita jina langu la utotoni, na mimi sikuweza kuongea kwa muda. Baadaye niliporudi kwenye kiti changu nikawaza, hivi angeniambia "be patient" si ningekuwa mpaka leo naangalia kile kioo? Hapo ndo niliuelewa.

Kwahiyo jiulize maswali mawili kabla hujautumia. Je kuna jambo chungu? Je mtu alikuwa analikwepa na sasa analifanya? Ukijibu ndiyo mara mbili, utumie bila wasiwasi. Kwenda kung'oa jino lililokusumbua miezi mitatu, kumwambia mchumba ukweli, kukiri kwa mteja kwamba hesabu ulikosea wewe, kufuta kazi ya wiki sita uanze upya kwa sababu msingi wake ulikuwa mbovu, yote hayo yanakubali. Lakini foleni ya magari haikubali, ukiwa umekwama barabarani huwezi kusema "I bit the bullet", hapo hukuamua chochote, umekwama tu, na Kiingereza kina msemo mwingine kwa hali hiyo, wanasema "grin and bear it", yaani tabasamu ubebe hivyo hivyo.

Na "face the music" pia siyo sawa nao, ingawa wengi wanachanganya. Huo ni wa mtu aliyefanya kosa anaenda kupokea adhabu yake, mtoto kavunja dirisha anaenda kwa baba. "Bite the bullet" hauhitaji kosa lolote, unaweza kuwa hujamkosea mtu na bado una risasi ya kuuma. Ulio karibu nao zaidi ni "grasp the nettle" ambao Waingereza wanaupenda, nettle ni mmea unaowasha kama upupu na wenyewe wanaamini ukiugusa kwa woga unakuwasha zaidi kuliko ukiukamata kwa nguvu, ila huo hutausikia sana nje ya Uingereza.

Kuhusu sarufi nitasema machache. Ni "the bullet" siku zote, siyo "a bullet", siyo "bullets", hata muwe watu mia moja mnauma risasi moja. Kitenzi ndo kinabadilika: "bite" kwa sasa, "bit" kwa jana, "bitten" baada ya "have" au "has". Ile "bit" kwenye imeili ya bosi wako inachanganya kwa sababu kaandika "it's time we bit" wakati anaongelea jambo la mbele, ni kawaida ya Kiingereza tu, baada ya "it's time" na mtendaji wanatumia umbo la wakati uliopita hata kama jambo lenyewe halijafanyika bado. Halafu mara nyingi baada ya bullet linafuata "and" na kitenzi kinachosema hasa ni jambo gani, "bite the bullet and apologise", "bite the bullet and sell it". Ukiishia kwenye bullet tu bila kusema jambo lenyewe, basi ujue wasikilizaji wanalijua tayari.

Jibu ulilotakiwa kumpa bosi lilikuwa fupi tu, "I agree. When do we start?" Bado hujachelewa kumwandikia.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mpenzi wa sinema za zamani na kila nikiona mwanajeshi kajeruhiwa, daktari anamwekea risasi mdomoni kabla hajamkata mguu. Ndo ulikotoka huu msemo? Rafiki yangu anabisha, anasema umetoka India kwenye uasi wa askari. Tuamulie.

JIBU: Nashukuru kwa hili swali kwa sababu habari zote mbili zinasambaa sana na zote mbili zinahitaji kuangaliwa kwa makini kabla hatujawafundisha watoto.

Tuanze na ya rafiki yako. Mwaka 1857 askari wa Kihindi waliokuwa kwenye jeshi la Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India waliasi, na moja ya mambo yaliyowasha ule moto ilikuwa bunduki mpya ya Enfield. Baruti na risasi yake vilifungwa pamoja kwenye kikaratasi, na mafunzo ya askari yalitaka kile kikaratasi kiraruliwe kwa meno kabla ya kumimina baruti kwenye mtutu. Ikavuma kwamba vikaratasi vimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe, jambo ambalo Mhindu hawezi kulikubali na Muislamu hawezi kulikubali. Habari hiyo ni ya kweli kwenye historia, na inauma, lakini haiwezi kuwa mama wa msemo wetu kwa sababu mtoto kamtangulia mama kuzaliwa. Kuna kamusi ya lugha ya mitaani ya Kiingereza iliyotungwa na Francis Grose, toleo la kwanza lilitoka 1785, na kwenye toleo la 1796 kuna neno "nightingale". Huyo ni ndege anayesifika Ulaya kwa kuimba usiku, lakini wanajeshi walilitumia kumwita askari anayepiga kelele wakati anachapwa. Grose anaeleza kwamba kwenye baadhi ya vikosi ilikuwa ni heshima kutolia chini ya mjeledi wa mikia tisa, na ili wasije wakaitwa hilo jina la ndege, askari walitafuna risasi. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 kabla ya uasi wa India.

Hebu simama hapo kidogo. Mtu kavuliwa shati, kafungwa, kikosi kizima kimepangwa mistari kinaangalia, na kitu pekee alichobaki nacho cha kuamua ni kama sauti itatoka au haitatoka. Jeshi la Uingereza lilikuja kuifuta adhabu ya kuchapa mijeledi mwaka 1881. Kwangu mimi huyo askari ndiye anayenifanya nisiuchukulie huu msemo kama pambo tu la maneno.

Na hapa nataka uangalie neno letu wenyewe. Kiswahili tunasema risasi kwa kile kinachotoka kwenye bunduki na tunasema risasi pia kwa ile madini yenyewe nzito ya kijivu, neno ni moja, limetoka kwenye Kiarabu ambako pia ni jina la hayo madini. Kwahiyo Mswahili anaweza kuelewa haraka jambo ambalo Mwingereza wa leo inabidi aelezwe, kwamba bullet ya zamani haikuwa kile kidude chenye ncha na ganda la shaba, ilikuwa kidonge cha duara cha risasi tupu, upana wake kama milimita 17 hivi, karibu na gololi kubwa ya kuchezea. Na bullet yenyewe kwa asili ni neno la Kifaransa lenye maana ya kijimpira. Risasi ni laini sana, ukucha unaweza kuikwaruza, na meno ni magumu kuliko yenyewe, ndo maana mtu akiiuma kwa nguvu zake zote inabonyea yeye asivunjike jino. Jiwe lingemvunja. Kijiti kingekatika. Na kila askari alikuwa nazo kwenye mkoba wake, hakuhitaji kuomba kwa mtu.

Sasa daktari wako wa kwenye sinema. Kabla ya dawa za usingizi upasuaji ulikuwa mateso kwelikweli, mgonjwa anapewa pombe au afyuni, wanaume wenye nguvu wanamshika mikono na miguu, na daktari hodari alikuwa ni yule mwenye haraka. Robert Liston wa London alisifika kwa kukata mguu ndani ya dakika chache tu. Halafu tarehe 16 Oktoba 1846, kule Boston Marekani, daktari wa meno William Morton akamlaza mgonjwa kwa hewa ya etha mbele ya madaktari, mgonjwa akaondolewa uvimbe shingoni bila kupiga kelele. Desemba ya mwaka huo huo Liston naye akakata mguu wa mgonjwa aliyelazwa kwa etha, na mwaka 1847 James Young Simpson wa Edinburgh akaleta klorofomu. Kwahiyo zilipofika zile vita za Marekani za wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, ambazo ndo sinema nyingi zinazionyesha, klorofomu na etha zilikuwa zinatumika sana kwenye hema za majeruhi. Mgonjwa wa kuuma risasi huku anakatwa alikuwa hayuko kwa wingi kama tunavyoonyeshwa. Tena fikiria mwenyewe, mtu kalazwa chali, anatetemeka, halafu umwekee kidonge cha duara mdomoni? Kikiteleza kwenye koo umemmaliza kabla ya kisu. Kipande cha ngozi ya mkanda kina akili zaidi. Na kuhusu zile risasi zenye alama za meno zilizookotwa kwenye viwanja vya vita, nyingine zilionekana zimetafunwa na wanyama, nguruwe wakiwemo.

Kwahiyo hukumu yangu: hakuna aliyeshinda kati yenu. Ushahidi mzuri tulionao unamwonyesha askari anayechapwa, siyo anayekatwa mguu na siyo wa India. Lakini ilichukua muda mpaka kuuma risasi kuwa msemo wa watu ambao hawajawahi kushika bunduki. Rudyard Kipling kwenye riwaya yake The Light That Failed ya mwaka 1891 ana mhusika anayepofuka macho, na rafiki yake anamwambia aiume risasi asiwaache wadhani kwamba anaogopa. Pale hakuna mjeledi wala bunduki, kuna mtu na giza tu. Ndo matumizi yetu ya leo, ingawa kwenye maneno ya Kipling bado kunasikika ile ya kuficha woga mbele za watu. Leo hiyo sehemu ya kuficha imefifia, unaweza kuuma risasi huku unalia na bado Mwingereza akasema umeiuma.

SWALI: Kwenye sinema moja niliona tafsiri ya chini imeandikwa "ng'ata risasi", na nyingine "dodged a bullet" wameandika "alikwepa risasi" wakati hakuna aliyepiga bunduki, mtu kaachwa na mchumba tu. Hizi risasi ziko ngapi?

JIBU: Ziko kadhaa na kila moja ina njia yake. "Dodge a bullet" ni kuponea chupuchupu, mtu kaachwa halafu akaja kugundua yule mchumba alikuwa na mambo mabaya, ndo marafiki wanamwambia hivyo. Angalia jinsi zinavyopishana na ya kwetu, huyu kaikwepa, yule wa kwetu kaacha kukwepa. "Take a bullet for someone" ni kujitoa mhanga kwa ajili ya mtu, kupokea lawama au hatari iliyokuwa inamwendea yeye. "Silver bullet" ni dawa moja inayodhaniwa itamaliza tatizo lote kwa mkupuo, na wanaoutaja mara nyingi wanasema haipo. Bullet point ni kile kidoti tu cha kwenye orodha, hakina uhusiano.

Na kuna ndugu zake wa upande wa kuuma. "Bite your tongue" ni kujizuia kusema, kumeza maneno. "Bite the dust" ni kufa au kushindwa vibaya, na huu usiuchanganye hata siku moja na wa kwetu, nimeshaona mtu kaandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba yuko tayari "to bite the dust for the company", akimaanisha kujituma.

Kuhusu tafsiri ya "ng'ata risasi" sina cha kuitetea. Mtazamaji Mswahili akiisoma hapati kitu, hajui afurahi au aogope. Piga moyo konde ipo, jikaze ipo, vijana wanasema jikaze kisabuni, na mahali pengine inatosha kuandika "haya, acha tu nimwambie", kwa sababu Mswahili aliyechoka kukwepa ndivyo anavyosema. Mtu akiwa ameshaanza jambo na hawezi kurudi nyuma kuna ile ya maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ila huyo yuko hatua moja mbele, nguo zimeshatoka. Wa "bite the bullet" bado amesimama ukingoni na vifungo vyake. Mfasiri mzuri anaangalia kwanza mtu yuko wapi, ukingoni au majini.

SWALI: Nasoma falsafa mwaka wa kwanza. Mhadhiri wetu akiwa anajadili hoja anasema "the utilitarian can just bite the bullet here." Anaongea kama ni jambo la kawaida la kitaaluma. Ni maana ile ile?

JIBU: Ni ile ile ila imevaa joho. Kwenye falsafa mtu ana nadharia yake, mpinzani anamwonyesha kwamba ukiifuata hiyo nadharia mpaka mwisho utafika mahali pabaya, mfano nadharia ya huyo utilitarian inayosema jambo jema ni lile linaloleta furaha kwa watu wengi zaidi, mpinzani anauliza, je ni sawa kumtoa kafara mtu mmoja asiye na hatia ili kuwaokoa watano? Mwenye nadharia ana njia kama tatu, aiache nadharia yake, au aonyeshe kwamba kwa kweli haifiki huko, au aseme ndiyo, inafika huko na mimi nakubali kwamba ni sawa. Hiyo ya tatu ndo kuuma risasi. Anakubali matokeo machungu badala ya kuzunguka mbuyu. Mhadhiri wako akisema hivyo siyo lazima awe anamsifu au anamkosoa, anataja tu njia iliyochaguliwa. Na wewe kwenye insha unaweza kuutumia, umeshazoeleka sana kwenye fani hiyo, ila hakikisha unasema ni tokeo gani hasa linalokubaliwa, usiuache ukining'inia.

SWALI: Rafiki yangu wa mbali tunayewasiliana kwa Kiingereza ameambiwa anatakiwa afanyiwe upasuaji wa moyo na anaogopa sana. Nataka kumtia nguvu. Naweza kumwandikia "bite the bullet"?

JIBU: Usimwandikie, nakuomba.

Sarufi haina tatizo, na Mwingereza angeelewa. Tatizo ni kwamba huu msemo ukiusema kwa ajili yako mwenyewe ni ushujaa, lakini ukimwambia mtu mwingine ambaye maumivu ni yake peke yake unageuka kuwa amri. Unamwambia acha kuogopa, fanya haraka. Yule mwenzangu wa kazini aliponiambia mimi kuhusu dada yangu ilifaa kwa sababu nilikuwa naogopa simu, na alinijua, na alisema kwa sauti ya chini amekaa pembeni yangu. Kwenye maandishi sauti haipo. Mtu anayeogopa kisu cha moyoni akisoma "bite the bullet" anaweza kuona umemchukulia kama mtoto anayekataa sindano, na hajakwepa chochote huyo, anaogopa kitu ambacho mtu yeyote angekiogopa. Kwa mfiwa pia hivyo hivyo, aliyefiwa hana uamuzi wa kufanya, huo ni msiba.

Kama yeye mwenyewe atakuandikia "I've decided to bite the bullet and have the surgery", hapo ni tofauti, kalichagua neno mwenyewe, na wewe unaweza kumjibu "I'm proud of you. I'll be thinking of you that morning." Lakini kabla ya hapo mwandikie tu kwamba uko naye. "I know you're scared. I'm here, write to me any time, even at night." Halafu muulize tarehe ya upasuaji uiandike mahali ili siku hiyo asubuhi akifungua simu akute umeshamwandikia.